Mgeni wa Kuze

Miaka thelathini na mmoja nilikagua makontena Kilindini.
Sakafu ya uongo niliijua kwa kuigonga kisigino,
lakiri iliyoyeyushwa ikabandikwa upya
niliinusa tu,
na mchele uliofunika kisicho mchele
ulinikereta kiganjani kabla sijaumwaga.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na sifa moja:
Bi Mwanamkasi hapitwi.

Nimepitwa.

Jumanne, ubavu wa kushoto, chini ya titi,
mwasho kama wa upupu, kisha moto,
kisha malengelenge kwa foleni, yakizunguka mbavu
hadi kwenye uti wa mgongo, yakakoma hapo hapo
kama yamewekewa bikoni na mpima ardhi.
"Mkanda wa jeshi," akasema Daktari Mwakio
hata miwani hajavaa.
"Na huyu hakuja juzi. Uliugua tetekuwanga utotoni?"

Niliugua. Sitini na saba, chumba cha nyuma, Kuze,
mimi na kaka yangu Shaibu, mkeka mmoja.
Yeye ndiye aliyeitoa chuoni,
akanipa pamoja na nusu kikombe cha uji wake.
Mama akatuogesha maji ya mwarobaini,
akatufunga vidole kwa matambara:
msikune, mtatoka mabaka.
Siku ya kumi na mbili magamba yakapukutika.
Akafagia, akafukiza ubani,
akasema maradhi yamekwisha.

Kumbe askari wa damu walipokuwa wakishangilia ngozini
kirusi kilikwisha kuingia mshipa wa fahamu,
kikapanda kinyumenyume, taratibu,
hadi kwenye fundo dogo kando ya uti,
kikavua viatu.
Hakikula. Hakikuzaa. Hakikukohoa.

Daktari akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
kila seli hutundika dirishani
vipande vya kilichomo ndani
ili askari apitaye asome.
Hati ya shehena, nikasema.
"Ndiyo. Na huyu akiamka,
kazi yake ya mwanzo ni kuishusha hati."
Mlinzi apita, aona nyumba nyamavu, aenda zake.
Nilicheka, mbavu zikaniadhibu.
Mimi pia ningepita.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa hamsini na kitu, jembe halijui.
Alikuwamo usiku wa harusi yangu.
Alikuwamo zamu ile niliyokamata pembe
katikati ya magunia ya majani ya chai,
nikapigwa picha, naye nyuma ya mbavu
hakutikisika.
Na siku jeneza la Shaibu lilipotoka mlangoni,
wanaume wakenda nalo, mimi nikabaki ndani,
alibaki nami.
Kitu cha kaka yangu, hai,
kisichojua kwamba kuna msiba.

Alikuwa akingoja nini?
"Walinzi wako wazeeke," asema daktari.
"Uzee tu, wakati mwingine. Au majonzi."
Akaangalia pembeni, akaandika vidonge,
mara tano kwa siku.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nimeyasema hayo mlangoni kwangu mara ngapi!
Sasa nalala ubavu mmoja. Shuka likinigusa, nauma mto.

Leo wamemleta Rukiya, mjukuu, miaka mitatu,
tetekuwanga hajaiona.
Kanyosha mikono tangu ukumbini.
Na mimi najua, ndiyo maana mgeni katoka ndani
akaja kukaa ngozini, kwenye maji ya malengelenge:
anatafuta usafiri.

Simama hapo hapo, mama. Usinisogelee.
Kasimama. Kainamisha kichwa kando,
ananitazama kanga ilipovimba, upande wa kushoto,
vile vile nilivyokuwa nikiwatazama madereva
waliotoa jasho asubuhi ya baridi.

"Bibi," aniuliza, "umeficha nini?"